Selpher na Kampeni ya Lango Moja

Katika hoteli ya Kestrel House, kule Muthangari, kando ya Lavington jijini Nairobi, mkubwa wa chumba cha kufulia alikuwa Selpher Ayuma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mikono iliyopauka kwa sabuni, na kazi yake aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu. Alipenda joto la ile pasi kubwa ya umeme asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na baridi. Alipenda kuliona shuka linatoka limenyooka, halina hata kunyanzi moja. Aliingia pale akiwa msichana aliyetoka kwao Maragoli juzijuzi, akaolewa akiwa pale, akamzaa binti yake Ivyne akiwa pale, akamzika mumewe Jackton akiwa pale. Kila siku alitembea kwa miguu kutoka Kabiria, alikoishi, akakata Kawangware, akapandisha hadi Lavington, na akaingia kazini kwa lango la nyuma.

Hoteli hiyo ilikuwa na malango mawili. La mbele lilikuwa la wageni na mameneja, na la nyuma, karibu na mapipa ya taka, lilikuwa la wafanyakazi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Lakini kila mtu alijua kwamba mpishi Mfaransa alikuwa mfanyakazi na alipita mbele, na mwalimu wa kuogelea kutoka Afrika Kusini alikuwa mfanyakazi na alipita mbele. Jambo lilionekana wazi zaidi pale mapokezi. Palikuwa na watu wawili nyuma ya meza moja, wenye koti la rangi moja na kazi ile ile: Kajal, msichana wa Kihindi aliyezaliwa Ngara, na Obuya, kijana wa Kisumu aliyevaa tai kila siku ya Mungu. Kajal alipita mbele, soja, mlinzi wa pale, akamfungulia lango kwa tabasamu. Obuya alipita nyuma, akainua mikono, akapapaswa mifuko, akafunguliwa begi, akaulizwa ile chupa ya maji ameitoa wapi.

"Umezoea?" Selpher alimuuliza siku moja wakiwa kwenye foleni ya kupekuliwa.

"Mama Ivyne, mtu huzoea aje hii kitu?" Obuya alijibu. "Unanyamaza tu."

Wakanyamaza, kama walivyonyamaza miaka yote. Kazi ilikuwepo, mshahara uliingia, watoto walisoma. Ivyne alisoma mpaka akamaliza stashahada ya uuguzi, na siku ya mahafali Selpher alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Kisha serikali ikatangaza kwamba nchi imeelemewa na madeni, wananchi wote wakaze mkanda. Selpher aliyasikia hayo redioni akipiga pasi foronya, wala hakufikiri kwamba yanamhusu. Yalimhusu mara mbili. Kwanza, hospitali za umma ziliacha kuajiri wauguzi. Ivyne akabaki nyumbani na vyeti vyake, akivitoa na kuvirudisha kabatini, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Pili, wizara zikakatazwa kufanya semina hotelini. Semina ndizo zilizokuwa zikiijaza Kestrel House katikati ya wiki, watu wa wizara wakila na kulala kwa siku tatu nne. Zilipokoma, vyumba vikawa vitupu, na meneja mkuu, Mwingereza aliyeitwa Bwana Whitcombe, akaita mkutano kando ya bwawa la kuogelea.

Akasema nyakati ni ngumu kwa kila mtu. Akasema hoteli ni familia moja. Halafu msaidizi wake akasoma majina. Chumba cha kufulia chote kilifungwa, mashuka yangepelekwa kwa kampuni ya nje. Jikoni waliondoka wengi, bustanini wengi zaidi. Mapokezi angebaki mtu mmoja, na Obuya akaambiwa ni yeye wa kwenda. Selpher alikuwa akingoja kusikia jina hata moja la mtu anayepita lango la mbele. Hakulisikia. Wiki mbili hazikupita, akaja meneja mpya wa vinywaji kutoka ng'ambo, akapewa nyumba.

Siku ya kwenda kuchukua vitu vyao, waliofutwa waliambiwa waje kwa lango la nyuma, na kila mmoja apekuliwe akiingia na apekuliwe akitoka. Selpher alikuwa mbele ya foleni ya kutoka, amebeba viatu vyake vya kazini kwenye mfuko. Soja, ambaye walikuwa wakila naye chakula cha mchana miaka na miaka, hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe, mama. Ni amri."

"Fanya kazi yako," Selpher akamwambia, akainua mikono.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, Kajal akatoka. Alikuwa na koti lake la mapokezi na viatu vya kisigino, akavuka ule uwanja wenye maji machafu, akaja akasimama nyuma ya Selpher kwenye foleni. 

"Unataka nini hapa, madam?" soja akauliza.

"Natoka kwenda lanchi. Nipekue."

"Lakini wewe..."

"Mimi nini? Obuya na mimi tulikuwa tunafanya kazi moja. Yeye mlimpekua kila siku. Nipekue."

 Mtu akakimbia kumwita Whitcombe, naye akaja, uso umemwiva.

"Kajal, toka hapo. Si lazima ufanye hivi."

"Kwa nini si lazima? Niambie tu sababu, hapa mbele ya hawa wote."

 Whitcombe sababu aliijua, wote waliijua, lakini haikuwa sababu ya kutamkwa mchana kweupe. Akageuka akaondoka. Mmoja wa wanawake wa kufulia, aliyeitwa Peres, akapiga kigelegele. Kajal akainua mikono kama walivyoinua wenzake, akapekuliwa, akatoka nje kwa lango lile na Selpher, na kesho yake akaambiwa kazi yake imekwisha.

Hivyo ndivyo kampeni ilivyoanza. Mchungaji wa kanisa la mabati analosali Selpher aliwaruhusu kutumia ukumbi Jumapili baada ya ibada, na Kajal akaja kutoka Westlands, akakaa kwenye benchi la mbao pamoja nao. Jina lilitoka kwake Selpher. Watu walikuwa wakibishana waiite haki hii au umoja ule, naye akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Sisi tunataka lango moja tu. Tupite wote pamoja." Ikawa Lango Moja. Madai yao yalikuwa machache: wafanyakazi wote wapite lango moja, anayefanya kazi sawa alipwe sawa bila kutazamwa rangi, na hoteli ikianza kuajiri tena, iwarudishe kwanza iliowafuta, kisha ichukue watu wa mitaa ya jirani, Kabiria, Kawangware na Woodley, kabla ya kuleta mtu kwa ndege.

Kila Jumamosi walisimama na mabango mbele ya hoteli. Mwanzo walikuwa wachache, wakaonekana kama watu waliopotea wakiulizia njia. Magari makubwa yalipita bila kupunguza mwendo. Lakini Jumamosi zilivyosonga, yaya wa nyumba za jirani walianza kusimama nao kidogo wakienda dukani, na waendesha boda wakipita walipiga honi. Gazeti moja likaja, likapiga picha. Ukumbi wa kanisa ukaanza kujaa. Watu walikuja na habari zao: huyu alikatazwa choo cha ofisini, yule alifundisha kazi kijana wa kigeni kisha akafanywa msaidizi wake. Wakaja pia vijana waliomaliza shule wakakosa kazi, wauguzi wenzake Ivyne, walimu, mafundi. Selpher, ambaye maishani mwake hakuwahi kuongoza kitu zaidi ya kwaya ya akina mama, alijikuta mwenyekiti.

Na alijikuta ana rafiki. Yeye na Kajal walizoea kukaa ukumbini baada ya mkutano, wakipanga mabango. Kajal aliongea Kiswahili cha Nairobi kama mtoto yeyote wa Ngara, tena kwa mizaha.

"Nyumbani wanasemaje?" Selpher alimuuliza.

"Baba anasema nimeingia siasa za watu. Nikamuuliza, baba, watu gani? Wewe ulizaliwa wapi? Akakasirika, akaenda kulala."

Wakacheka. Lakini Selpher aliyasikia pia maneno mengine, ya pembeni, yaliyosemwa kwa sauti ya kunong'ona: huyo Mhindi anatafuta nini kwetu? Ametumwa? Alimkuta Ciru, muuza mahindi ya kuchoma, akiyasema kwenye jiko lake la mkaa nje ya kanisa, akamjibu palepale, "Alipekuliwa kama mimi. Wewe ulikuwa wapi?" Akadhani yameisha.

Ndipo alipokuja Maxwell. Huyu alikuwa mtu wa Kabiria, wa umri wa miaka thelathini na kitu, mwenye biashara ya kukodisha spika na mahema ya harusi na matanga, na kila mtu alijua anautaka uwakilishi wa wadi uchaguzi ujao. Alikuja ukumbini akakaa nyuma kabisa, akapiga makofi kuliko wote, na mwisho wa mkutano akamwendea Selpher, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mathee, mama yetu, hii kazi yenu ni ya Mungu. Lakini mnaongea na lango. Twende mjini, tuongee na serikali. Mimi niko na spika, niko na mabasi, niko na tisheti. Sitaki kitu."

"Hutaki kitu?"

"Nataka tu watu wetu wapate kazi."

Kajal hakumpenda. "Mama Ivyne, huyu jamaa anasema sana 'watu wetu'," alimwambia Selpher. "Muulize watu wake ni nani." Selpher naye aliliona hilo. Lakini alikuwa amechoka, miezi ilikuwa imepita, Whitcombe hakuwahi hata kutoka nje kuwapa salamu, na nyumbani Ivyne alikuwa ameacha kuvaa nguo za kutokea, anashinda na leso kutwa. Mabasi na spika ni mabasi na spika. Akakubali.

Wakakutana mjini, katika bustani ya Jeevanjee, asubuhi ya siku ya kazi. Mpango ulikuwa wakusanyike pale, kisha waandamane hadi ofisi ya wizara ya kazi kupeleka madai yao. Selpher hakuwahi kuona watu wengi hivyo wamevaa jina alilolitoa yeye kinywani mwake. Tisheti za kijani zilijaa bustani nzima, Lango Moja kifuani, na mgongoni, kwa herufi kubwa zaidi, Maxwell. Wengi wao hakuwajua. Yeye alishika mti mmoja wa bango kubwa na Kajal akashika wa pili, wakasimama mbele, na Kajal akamkonyeza. "Leo tumekuwa wengi, mama." Peres alikuwa pembeni yao. Obuya naye alikuwepo, na tai yake juu ya tisheti.

Maxwell akapanda juu ya benchi, akashika maiki. Alianza vizuri. Alieleza habari ya malango mawili, akaieleza kuliko alivyoweza kuieleza Selpher, watu wakaguna kwa uchungu. Akaeleza habari ya wauguzi wasio na kazi. Akataja ushuru unaokatwa mshahara mpaka mtu anabaki na nauli. Halafu akawatazama watu.

"Nani ana maduka makubwa Westlands?"

Wachache wakajibu, "Wahindi!"

"Sikusikia! Nani anaishi kwa zile nyumba Parklands, wewe unaishi kwa mabati?"

"Wahindi!"

"Serikali ikikaza mkanda, nani hakazi?"

"Wahindi!"

Selpher alidhani hakusikia vizuri. Hoteli haikuwa ya Wahindi. Aliyewafuta kazi alikuwa Whitcombe, na iliyozuia wauguzi kuajiriwa ilikuwa serikali. Kulikuwa na Mhindi mmoja tu katika habari hii nzima, na huyo alikuwa ameshika upande wa pili wa bango. Lakini watu walikuwa wamepata kitu cha kuitikia, na mwitikio ulikuwa ukipanda kama maji ya mvua mtaroni. Warudi kwao! Warudi kwao! Alimtazama Obuya. Obuya alikuwa akiitikia. Kinywa chake kilifunguka na kufungika pamoja na vinywa vingine vyote, macho yake yametazama mbele, hayageuki upande aliposimama Kajal.

Kijana mmoja mwenye kofia akajipenyeza mpaka mbele. "Na huyu anafanya nini hapa?" Akaivuta tisheti ya Kajal begani. "Vua hiyo. Hiyo si yako."

"Niache," Kajal akasema.

Chupa ya maji ikarushwa, ikampiga shingoni. Kijana akavuta tena, na mkono wa tisheti ukachanika. Kajal hakupiga kelele. Aligeuza uso akamtazama Selpher, akamtazama tu, akingoja.

Selpher alisimama palepale ameushika ule mti wa bango. Baadaye alijaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Alijiambia alishikwa na butwaa, na ni kweli alishikwa na butwaa. Lakini ni kweli pia kwamba kichwani mwake ilipita sura ya Ivyne na leso yake, na wazo kwamba watu hawa ni wengi, na wengi hivi lazima hoteli itawasikia. Muda wenyewe ulikuwa mfupi. Peres akamshika Kajal kiunoni, akamwambia kwa upole, "Leo nenda nyumbani, dada. Nenda tu." Kajal akaulaza mti wake wa bango chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akapita katikati ya watu kuelekea Moi Avenue, bega likiwa wazi, na hakugeuka tena.

Bango lilipolala upande mmoja ndipo Selpher alipoweza kusogea. Alikwenda hadi kwenye benchi, akapanda, benchi likalia, akanyoosha mkono. Maxwell akadhani anataka kuwapa watu wimbo, akampa maiki.

"Huyo mliyemfukuza," Selpher akasema, na sauti yake ya chini ikatoka kwenye zile spika kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka, "huyo alifutwa kazi kwa sababu yetu. Alisimama kwenye foleni yetu. Sisi tulisema lango moja. Hatukusema tumfungie mtu mwingine. Kama leo tunamwambia Kajal arudi kwao, na kwao ni Ngara, basi sisi na Whitcombe tuna tofauti gani? Mimi natoka Maragoli. Kesho mtaniambia nirudi Maragoli. Maxwell, waambie watu ukweli. Waambie hoteli si ya..."

Maiki ikakatika. Aliendelea kusema bila maiki, lakini sauti yake haikuwa ya kuwafikia watu wengi hivyo. Mmoja akapaza sauti, "Amenunuliwa!" Wakazomea. Wakamzomea mwanamke aliyewaita pale, kwa jina alilowapa yeye, mpaka Peres akamshusha kwenye benchi na kumpeleka kando penye kivuli. Maandamano yakaondoka bila yeye. Alikaa pale akiangalia njia iliyojaa mabango yaliyokanyagwa, na mzee mmoja anayepiga picha za papo kwa papo bustanini akamuuliza kama ameumia mahali. Akamjibu hapana.

Siku chache baadaye alikwenda Westlands nyumbani kwa akina Kajal. Hakuwa amewahi kufika. Ilikuwa fleti ghorofa ya pili, na mlango ulifunguliwa na mama mtu mzima aliyevaa shalwari, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaita kwa Kipunjabi ndani. Kajal akatoka. Hakumkumbatia. Akamkaribisha sebuleni, ambako baba yake, Bwana Harbans, alikuwa amekaa na gazeti.

"Ndiwe mwenyekiti?" mzee akauliza.

"Ndimi, mzee wangu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Baba yangu alizaliwa hapa," Harbans akasema, bila kupandisha sauti. "Mimi nimezaliwa hapa. Nimepiga kura kila mara, nikasimama laini kama wewe. Hii bustani mlimomwambia arudi kwao, unajua jina lake ni la nani? Ni la Mhindi. Alijenga, akawapa watu wa mji wapumzike." Akakunja gazeti, akainuka. "Nilimwambia huyu msichana. Nilimwambia." Akaingia ndani.

Mama akaleta chai. Aliweka vikombe viwili vya kaure, vyenye maua, kimoja mbele ya Kajal na kingine mahali alipokuwa mumewe. Mbele ya Selpher akaweka kikombe cha bati. Selpher alikijua kikombe hicho. Hakuwahi kukiona, lakini alikijua, ni kile kinachokaa peke yake pembeni ya sinki, cha yaya na cha fundi wa maji. Alimtazama Kajal. Kajal alikuwa amekiona. Masikio yake yalibadilika rangi, mkono wake ukasogea kidogo kuelekea mezani, kisha ukarudi mapajani. 

Selpher akanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, chai nzuri.

"Nilisema," hatimaye akamwambia Kajal. "Baada ya wewe kuondoka nilipanda nikasema. Wakanizomea."

"Nimeambiwa. Peres alinipigia." Kajal akashusha pumzi. "Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka, mama. Nilikutazama na ukabaki pale."

"Ni kweli."

"Sikulaumu. Au nakulaumu, sijui." Akazungusha kikombe chake. "Mjomba ana duka la vitambaa Biashara Street. Nitaenda kukaa pale kwa keshia. Hakuna mtu atanipekua na sitapekua mtu. Nimechoka."

 Walipoagana mlangoni Kajal alimwita Mama Ivyne, akamwambia ashike lifti, ngazi zina giza, na Selpher akashuka kwa ngazi.

Mwezi haukuisha Kestrel House ikamwita Maxwell kwa mazungumzo. Haikumwita mwenyekiti. Walikaa naye katika kile chumba cha semina za wizara, na alipotoka, alitoka na ushindi, na ulitangazwa kwa spika Kabiria nzima. Lango la nyuma litakuwa la magari ya taka tu. Watu watapita mbele wote. Hoteli itaajiri vijana wa mtaani, na majina yatapitia kwa Maxwell. Juu ya malipo sawa hapakuwa na neno. Juu ya waliofutwa zamani, watafikiriwa mmoja mmoja. Obuya alifikiriwa, akarudi mapokezi. Alipokutana na Selpher sokoni Kawangware alivuka barabara, akajifanya anaongea na simu.

Selpher hakufikiriwa. Wala hakuomba. Lakini Ivyne aliomba, bila kumwambia mama yake. Alikwenda kwa Maxwell, akapewa nafasi ya kutandika vitanda.

"Wewe ni nesi," Selpher akasema alipoiona sare juu ya kochi.

"Mimi ni nesi wa nani? Serikali haiandiki watu, hospitali za watu binafsi wanataka mtu ameshafanya kazi miaka. Nitandike vitanda."

"Kwa yule mtu."

"Mama, yule mtu amenipatia kazi. Wewe uliongea mara moja kwa maiki ukatupotezea yote. Kwani Kajal alikosa kula? Sisi ndio tulikosa." Akaona amekwenda mbali. "Samahani."

"Usiombe samahani kama ndivyo unavyofikiri," Selpher akamwambia. Akachukua ile sare, akaitandaza mezani, akaipiga pasi, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo, kwa sababu ilikuwa imekunjwa vibaya na hakuweza kuiacha hivyo.

Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kufua nguo nyumba kwa nyumba. Alizunguka fleti za Muthangari na Lavington kwa siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa mkono na beseni, mgongo ukimkatika. Jumapili alikwenda kanisani. Ukumbi ulikuwa umefungwa, mikutano iliisha yenyewe, hakuna aliyetangaza kwamba imekufa. Maxwell alikuja ibadani mara moja, siku ya harambee ya kuchangia madirisha ya kanisa, akapewa nafasi ya kusalimia. Akaeleza habari ya malango mawili, alivyoona uchungu wa watu wake akashindwa kulala. Kisha akamwona Selpher katikati ya akina mama. "Mathee wetu yuko hapa! Mama wa mapambano! Simama watu wakuone, mathee." Kanisa zima likageuka. Selpher alibaki ameketi na Biblia mapajani, akimtazama, hakutikisa hata kichwa, mpaka mchungaji akakohoa na kuomba watu waimbe.

Kazi ya Ivyne ilidumu miezi mitatu. Wote walioajiriwa kwa makubaliano yale walipewa kandarasi ya miezi mitatu, na ilipoisha waliambiwa biashara ni ngumu, wizara bado hazileti semina, wataitwa. Walitoka kwa lango la mbele, soja akiwafungulia. Baadhi yao walikwenda nyumbani kwa Maxwell kuuliza, wakaambiwa amesafiri.

Ivyne alirudi nyumbani adhuhuri, akakaa kwenye kochi na viatu miguuni. Selpher alikuwa akijitayarisha kwenda Muthangari kwa mteja wake wa siku hiyo.  Kulikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kusema, na mengine alikuwa ameyapanga tangu siku ya ile sare. Akayaacha.

"Leo kuna mablanketi," akasema. "Siyawezi peke yangu. Twende."

Walitembea hadi kule juu. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, Mwafrika kama wao, aliyefanya kazi ofisi kubwa mjini, aliwafungulia huku akiwa na simu sikioni, akamwonyesha Ivyne kwa kidevu.

"Na huyu ni nani?"

"Ni binti yangu, madam. Ni nesi."

"Sawa. Mwambie aingilie kwa jikoni, sebule imepigwa deki. Na avue viatu."

Ivyne alimtazama mama yake. Safari hii Selpher hakuchelewa kama alivyochelewa bustanini. "Vua, mwanangu," akamwambia, na yeye mwenyewe akainama, akatangulia kuvua vyake.